Baraka kwa Mistari Kumi na Mitatu

Siku mliyokata keki ya kuniaga pale karakana, Faith wa mashine ya stika aliniuliza mbele ya wakubwa, "Mama Roda, ni kweli uliandikanga Kichina?" Watu wakacheka. Mimi nikajaza keki mdomoni, maana jibu la swali hilo si la kutoa umesimama na sahani mkononi. Sasa niko nyumbani Matete wiki ya tatu, mahindi yamepaliliwa, na nina lile daftari mlilonipa pamoja na saa ya ukutani. Saa nimeitundika, ingawa sina pa kuwahi. Daftari nalitumia kukujibu, Faith, wewe na wenzako wote mtakaoendelea kuandikia barabara za kaunti hii.

Habari za vyeo sitaziandika. Nilipanda cheo mara mbili, na cha pili kilikuja na kiti kisicho na mguu mmoja.

Niliingia karakana nikiwa msichana wa miaka ishirini na mmoja. Fundi mkuu wa vibao alikuwa Mzee Mukhwana, mtu mfupi wa Lumakanda, mwenye koti moja la kazi ambalo lilikuwa na rangi zote isipokuwa ile lililonunuliwa nayo. Alinitazama toka kichwani hadi viatuni, akauliza, "Wewe unaweza kukaa kimya?" Nikasema ndiyo. "Basi umeshajua nusu ya kazi." Akanipa bati na maneno ya kuandika: hatari, kona kali. Nikatoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, nikaandika kwa uangalifu wangu wote jinsi tunavyoyasema kwetu: HATALI, KONA KARI. Mzee hakunigombeza. Alinipa kipande cha msasa akasema, "Futa, halafu soma tena." Nilisugua hadi saa saba. Kwa hiyo kamusi yangu ya kwanza ilikuwa msasa, na mpaka leo nikifika kwenye r huwa nasimama kidogo.

Alinifundisha mambo ambayo mashine yenu haiyahitaji. Bati lipigwe msasa, lipakwe rangi ya msingi, likauke siku nzima hata kama bosi anapiga simu. Vuta mistari miwili ya chaki, wa juu na wa chini. Chora mipaka ya herufi zote kwa penseli, ndipo ujaze ndani. Mkono wa kushoto ushike fimbo ya kuegemea, ili wa kulia usiguse rangi mbichi. Brashi ioshwe kabla ya mikono, kwa sababu mikono utazaliwa nayo tena, alisema, na mimi sikuwahi kuielewa hiyo lakini niliitii. Na kamwe usiandike herufi juu ya tundu la bolti, maana fundi wa nguzo atakuja na spana yake akuvunjie kazi. Hiyo ya bolti ilikuwa amri kuu pale kwetu.

Niliandika hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Shule mbele. Matuta. Daraja jembamba. Usikojoe hapa, ambacho kiliagizwa na ofisi ya jirani na hakikusomwa na yeyote aliyehusika. Mzee Mukhwana akastaafu, akarudi kwenye shamba lake, na baadaye tukamzika huko Lumakanda. Fimbo yake ya kuegemea nikabaki nayo mimi.

Halafu, miaka michache kabla sijastaafu, kampuni moja ya Wachina ikaja kutengeneza barabara upande wa Mayoni, kule kwenye miwa. Karakana ikaniazima kwao niandike vibao vya muda: punguza mwendo, watu wako kazini, njia imefungwa. Vilitakiwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Kichina. Nikauliza nani atakiandika hicho Kichina. Wakasema, "Si wewe ndiye fundi?"

Siku ya kwanza nilipelekwa na dereva wetu Opiyo, Mjaluo, mtu wa maneno. Kambini tulipokelewa na mtunza stoo, mzee mwembamba wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa amekaa Kenya miaka saba na Kiswahili chake alikiokota barabarani kokote alikopita. Akanyoosha mkono. "Mimi naitwa Luo."

Opiyo alisahau hata kufunga mlango wa gari. "Unaitwa nani?"

"Luo."

"Ndugu yangu! Wa wapi? Siaya ama Homa Bay?"

"Henan."

Opiyo akamkumbatia. Alipokuwa akigeuza gari akaniambia taratibu kwamba hiyo Henan anafikiri iko nyuma ya Ahero. Kambi nzima ikamjua mzee kwa jina la Jaluo kutoka siku ile, naye alilipenda.

Mimi akaniita Mama Loda. Nikamwambia hivyo ndivyo shangazi zangu wote wanavyoniita, kwa hivyo ajihisi nyumbani. Yeye na sisi tulikuwa na ugomvi uleule na herufi r, na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Mhandisi alinipa karatasi yenye herufi moja kubwa. Akasema hiyo moja peke yake maana yake ni polepole. Nikaona, alaa, kumbe kazi ni rahisi, herufi moja kwa neno zima! Nikachora mipaka kwa penseli, nikajaza ndani rangi nyeusi, nikanyoosha kila mkia uliopinda. Kibao kilikuwa na matundu ya bolti katikati. Nikafanya kama nilivyofundishwa: herufi yenyewe ilikuwa na kipande kushoto na kipande kulia, nikavitenganisha vizuri, bolti zikapita katikati bila kugusa rangi. Nikaisimamisha nikarudi nyuma hatua tano kuitazama. Kazi safi.

Wafanyakazi wa Kichina wakaanza kukusanyika. Mmoja alicheka mpaka akashika nguzo. Luo akatoka stoo, akavua kofia.

"Mama Loda, hii ni nini?"

"Polepole."

"Hapana." Akaonyesha kipande cha kushoto. "Hii ni moyo." Akaonyesha cha kulia. "Hii ni kitu ndefu. Moyo, kitu ndefu. Polepole hakuna."

"Kulikuwa na bolti."

"Bolti imetoa moyo ya polepole." Akasogea karibu, akapitisha kidole juu ya rangi bila kuigusa. "Na tena hii umechola. Hujaandika."

Nilikasirika, sitawaficha. Miaka thelathini ya brashi, halafu mtunza stoo ananiambia sijaandika! Nikamwambia akahesabu majembe yake aniache. Akaenda kweli akahesabu majembe, na hasira ikanizidi.

Kesho yake asubuhi nilikwenda stoo mwenyewe. Nilikuwa nimefikiri, nikaona kwamba Mzee Mukhwana angenipa msasa. Luo hakuuliza nimefuata nini. Alichukua ndoo ya maji na brashi nene, akachuchumaa kwenye baraza ya saruji, akaandika ile polepole kwa maji. Mkono haukusimama kuchora mpaka wala kujaza. Kila mstari aliuvuta mara moja tu, ukaanza mnene na kuisha mwembamba, na ulipoisha ulikuwa umeisha. Ilikauka juani tukiitazama.

"Sasa wewe," akasema.

Ndivyo nilivyoanza shule nikiwa na wajukuu wawili. Kila siku saa nne, kabla ya chai, na tena tukisubiri lori la kokoto. Sheria zenyewe si nyingi. Juu kabla ya chini. Kushoto kabla ya kulia. Mstari wa kulala kabla ya mstari wa kusimama. Hii ya tatu ilinisumbua sana, kwa sababu namba kumi ya Kichina ni msalaba mtupu, na mimi nimeandika misalaba ya mageti ya makanisa kuanzia Malava mpaka Butere. Msalaba husimamishwa kwanza, ndipo uwekewe mikono.

"Huu si msalaba," Luo akasema. "Ni kumi."

"Kwa macho yangu ni msalaba."

"Basi lalisha kwanza, halafu simamisha. Yesu hatakasilika."

Sheria ya mwisho ilihusu sanduku. Ikiwa herufi ina kuta pande zote, unajenga ukuta wa kushoto, kisha wa juu na wa kulia kwa mvuto mmoja, kisha unaandika vitu vya ndani, na ukuta wa chini unakuja mwisho kabisa. "Watu wanaingia kwanza," alisema, "halafu unafunga mulango." Mimi nilizoea kujenga sanduku lote ndipo nijaze. Mkono wangu uligoma hapo kuliko mahali pengine pote. Nilikuwa nafungia watu nje kila siku.

Siku moja nimechoka nikamuuliza, "Mzee, mwishowe si inafanana? Rangi ikikauka nani atajua nilianzia wapi?"

"Baba yangu," akajibu.

Nilidhani ni utani. Sivyo. Baba yake alikuwa mwalimu wa kijijini, sasa ana miaka themanini na minne, na ndiye aliyemfundisha kuandika kwa brashi akiwa hajafika miaka sita. Mzee huyo akiangalia neno hatazami neno. Anatazama mkono uliopita. Wino huacha alama mahali brashi iliposhuka na mahali ilipoinuka, na mstari uliokuja baadaye hupanda juu ya uliotangulia. Kila mwaka mpya wao Luo aliandika herufi moja kwenye karatasi nyekundu, neno la baraka, akaibandika kwenye mlango wa stoo popote alipokuwa, akaipiga picha na kuituma kwa baba. Na baba alijibu kila mwaka kwa kumkosoa. Luo alisema hivyo akitabasamu, kama mtu anayesifiwa.

Vibao vyangu vikawa vizuri. Wachina waliacha kucheka, na mmoja alinipa soda. Ningeishia hapo, Faith, ningekuwa nimekujibu. Lakini ilikuja Januari.

Luo alikuwa akishusha mapipa ya lami kutoka kwenye lori. Vijana walimwambia asubiri winchi, yeye akasema miaka saba ameshusha mapipa kwa mbao na hakuna aliyekufa. Pipa likateleza kwenye mbao likamlalia mkono wa kulia. Mifupa miwili. Hospitali wakamfunga plasta kutoka vidoleni hadi kiwiko, wakamwambia wiki sita. Mwaka mpya wao ulikuwa baada ya wiki nne.

Nilimletea uji wa wimbi. Nikamkuta barazani, ndoo ya maji kando, anajaribu kuandika kwa kushoto. Ilikuwa vibaya kuangalia. Alipoona namtazama akaweka brashi chini.

"Mama Loda, wewe andika. Andika kama mimi."

"Si umwambie baba ukweli? Mkono umevunjika, haujakatika. Utapona."

Akasukuma ndoo kando akanieleza, naye si mtu wa kueleza mambo ya kwao. Alikuwa na kaka mkubwa aliyekwenda mbali kuchimba makaa ya mawe. Kaka aliandika barua nyumbani kila mwezi. Mwezi mmoja barua ikafika, na juu ya bahasha kulikuwa na mwandiko wa mtu mwingine. Baba yao hakuifungua. Aliiweka mezani, akakaa nayo mchana kutwa, mikono magotini, maana alikuwa ameshajua. Kaka yao alizikwa hukohuko machimboni na baba hakumwona tena. Tangu siku hiyo, Luo akasema, mwandiko wa mgeni mahali pa mwandiko wa mwanawe unamtetemesha, na sasa moyo wake una dawa tatu.

"Lakini si mnaongea kwa simu? Si anakuona?"

"Jumapili ananiona uso. Mukono naweka chini ya meza."

"Njia ya mwongo ni fupi, mzee wangu."

"Kwetu pia," akasema. "Lakini kwetu iko mbali. Ikipona nitasema."

Ningekataaje? Niliona ni jambo la kijinga, na niliona pia kwamba ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Mwanangu akiwa mbali akaniambia yuko sawa, mimi hutega sikio kwenye sauti, sio kwenye maneno. Nikachukua brashi.

Herufi ile ya baraka ina mistari kumi na mitatu. Upande wa kushoto kuna alama ya sadaka. Upande wa kulia, juu ni moja, chini yake mdomo, chini yake shamba: sanduku lenye msalaba ndani, kama ploti nne ukizitazama kutoka juu ya kilima. Luo akanieleza jinsi wazee wao wanavyoisoma: mdomo mmoja uwe na shamba lake. Nikamwambia hiyo apeleke Lugari, hakuna mtu atakayehitaji maelezo. Watu wa kule walihamia kutafuta baraka hiyohiyo.

Kwa wiki tatu niliandika baraka barazani kwa maji. Halafu kwa wino kwenye magazeti ya zamani. Luo alikaa nyuma yangu na plasta yake juu ya gunia la saruji, akisema, "Mzito, mzito, sasa inua." Alitaka niandike kama yeye, sio vizuri tu. Yeye huanza na uzito mkubwa na kuacha mkia unakwenda zake. Mimi miaka yote nimekata mikia. Opiyo akipita na gari anapaza sauti, "Mama Roda, haraka haraka haina baraka!" Alijiona mjanja sana kwa hiyo, akairudia kila siku.

Karatasi nyekundu zilizobaki zilikuwa tatu, zilizotoka kwao. Nilijaribu manila nyekundu ya duka la vitabu mjini Kakamega, lakini haikunywa wino. Ulisimama juu kama maji kwenye jani la nduma. Kwa hivyo tatu, basi.

Ya kwanza niliidondoshea tone. Ya pili niliandika kwa woga, mistari ikawa myembamba kama ya mgonjwa, na Luo akaikunja. Nikaenda nje nikanawa mikono. Jamani, mimi niliyeandika vibao vya barabara kuu nikiwa juu ya ngazi, malori ya miwa yakipita mgongoni kwangu, nashindwa na kipande cha karatasi.

Ya tatu ilianza vizuri. Sadaka ikakaa sawa. Moja ikalala vizuri. Mdomo nikaujenga kwa mivuto mitatu kama nilivyofundishwa, safi kabisa, nikasikia Luo nyuma anavuta pumzi ya furaha. Na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilijiona nimemaliza. Nikashuka kwenye shamba, na mkono, ule mkono wangu wa miaka thelathini, ukaenda peke yake: ukuta wa kushoto, wa juu na wa kulia, wa chini, fyu, halafu ndani.

Nilijua kabla brashi haijainuka. "Woi! Nimefunga," nikasema. "Mzee, nimefunga mlango."

Luo aliinama, akaangalia muda mrefu. "Itafaa," akasema. Lakini hakunitazama usoni.

Tukaibandika kwenye mlango wa stoo. Akapiga picha kwa mkono wa kushoto, mara nne kwa sababu kidole kilikuwa kinaingia. Akaituma Ijumaa saa tano. Siku hiyo hapakuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikiihesabu ile mivuto upya. Nilikuwa nimepewa jambo moja tu la kumfichia mtu uchungu, nami nimeweka alama ya mwandiko wangu katikati yake. Mbele ya mwalimu huyo, ilikuwa kama nimeandika jina langu pale.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nachanganya rangi aliponiita. Ujumbe wa sauti ulikuwa umefika, mfupi sana. Alikuwa ameusikiliza tayari, nikamwona anausikiliza tena, amekaa juu ya gunia.

"Amesemaje?"

"Anasema, mutu huyu amefundishwa vizuri."

"Halafu?"

"Anasema shamba limefungwa kabla watu hawajaingia."

Nikaketi chini palepale, na suruali yangu ya kazi kwenye vumbi. "Haki ya Mungu, Luo, nisamehe. Nimemwonyesha kwamba si wewe."

Akatikisa kichwa. "Iko ingine." Akaiweka simu sikioni tena, kana kwamba huenda maneno yamebadilika. "Anasema, Jumapili, weka mukono mezani. Na yule aliyeandika akae kando yako."

Jumapili nilitoka kanisani moja kwa moja, na kitambaa changu cha kina mama kichwani. Nilibeba obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, kwenye hotpoti, kwa sababu mkono mtupu haulambwi, na kwa sababu sikujua jingine la kufanya. Tuliketi kwenye meza ya stoo. Simu aliiegemeza kwenye kisanduku cha misumari. Plasta ilikuwa bado chini ya meza, juu ya goti lake.

Mzee akatokea. Masikio makubwa, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo, amekaa wima kama mwalimu. Hakusalimia. Alingoja tu.

Luo akainua mkono akauweka mezani. Plasta ilikuwa chafu ya lami, na Opiyo alikuwa ameandika jina lake juu yake kwa kalamu ya kijani. Mzee alisogea karibu, akasogea tena, mpaka kwenye kioo tukaona nyusi peke yake. Akasema neno. Luo akachezesha vidole vilivyochungulia kwenye plasta. Mzee akasema tena, kwa ukali kidogo, na mtu huyu wa miaka hamsini na kitu, mwenye funguo za stoo kiunoni, akaanza kuvihesabu kimoja kimoja kwa sauti mbele ya baba yake, moja hadi tano, kama mtoto wa nasari.

Mzee akarudi nyuma kwenye kiti chake. Akafuta uso kwa kiganja. Halafu akaongea taratibu, sentensi mbili, na mabega ya Luo yakaanza kutikisika.

"Anasemaje?" nikanong'ona.

Akanigeukia. "Anasema, mukono ya kaka yako sikuonyeshwa. Yako nimeiona."

Nami nililia, sioni haya. Nikasema "Mulembe, Mzee," maana sikuwa na salamu nyingine iliyonijia, na yule mzee akainamisha kichwa kwangu, akanitazama, kisha akauliza swali. Hilo sikuhitaji kutafsiriwa. Luo alinisalimia nalo kila adhuhuri kwa mwaka mzima, ni kuuliza kama mtu amekula. Nikafunua hotpoti, nikaigeuza kuelekea kwenye simu, ili aone kuku kwa macho yake.